Hakuna Ajali Mpaka Desemba

"Hii serikali inataka niandike hata nikipiga chafya! Nikijikuna, niandike! Kwani mimi ni mwenye posho mill ama ni karani wa koti?"

Huyo ni Phelesia, hapa Kegonga, akimfokea Bonareri, afisa wa usalama kazini aliyetoka Migori asubuhi hiyo. Mimi nilikuwa kwa laini na debe yangu ya mahindi, na haraka yote iliniisha.

Phelesia namjua miaka kumi na nane. Alikuja hapa mjane, akanunua mashine moja kuukuu, na hufungua kila siku isipokuwa Sabato. Ni Msabato kamili. Ijumaa mchana chakula ya kesho imeshapikwa, maji imeshachotwa, hata kuni imepangwa. Hapendi kazi imngoje. Sasa Januari alipoambiwa aweke kitabu ya ajali, alikaa chini Ijumaa moja akaimaliza yote. Kila siku mpaka mwisho wa Desemba: "Hakuna ajali." Na sahihi.

Bonareri akafungua kurasa. "Mama, leo ni Juni. Ya Septemba umejuaje?"

Tukacheka. Maranga hakucheka. Yeye ndiye husaga, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji. Jumanne belti ilimkata vidole viwili.

"Jumanne imeandikwa hakuna ajali," Bonareri akasema. "Kama ni hivyo, huyu atadai fidia gani? Aliumia wapi?"

"Hata mimi niambie, mama," Maranga akasema polepole. "Niliumia wapi?"

Sisi wa laini tulijua. Hiyo belti ilikuwa na kifuniko ya waya. Mwezi wa tatu mwewe walipozidi, Phelesia aliifungua akaenda kufunikia vifaranga kwake. Akiandika ukweli, mashine itafungwa. Asipoandika, Maranga abaki na watoto wanne na mkono mmoja.

"Haya, andika ile ilifanyika," Bonareri akampa kalamu.

Akakata ile "Hakuna ajali" ya Jumanne. Akaandika "Maranga." Kalamu ikasimama hapo, na mimi namjua huyu mama, hata nyoka alimuua kwa kandambili.

"Na kifuniko ya belti iko wapi?"

Phelesia akaweka kalamu katikati ya kitabu. Akakaza leso kiunoni, akanipita bila hata salamu, akashika njia ya kwake, kule kwa vifaranga.