Wanja Uliokwenda Kastrup

Bi Masouda binti Khalfan hajapata kutia mguu Kastrup, lakini mji ule anaujua kuliko anavyoijua Madinat Sultan Qaboos, mtaa ulio jirani tu na Khuwair ya Kusini anakokaa. Muulize, atakueleza mpaka uchoke wewe. Ni mji mdogo wa Denmark, pembeni ya mji mkuu. Nyumba zake fupi fupi, za matofali ya manjano, na ua wa majani umekatwa sawasawa utadhani umetoka kwa kinyozi. Bahari iko karibu, na watu wazima na akili zao wanajitumbukiza humo katikati ya baridi, wanatoka wekundu kama kamba wa kuchemsha, halafu wanacheka! Na ndege sasa. Uwanja wa ndege uko hapo hapo mlangoni, ndege zinapita juu ya mapaa chini chini hata maandishi ya tumboni unayasoma.

Yote hayo kayapata kwenye simu, kwa bintiye Rawya, aliyeolewa huko. Watu wa Kastrup, kwa ngurumo zile, wamejizoesha kitu kimoja: ndege ikipita, mtu hukata neno katikati, akasubiri, kisha akalimalizia pale pale alipoliachia. Rawya naye kashaambukizwa. "Mama, jana nilipika..." kimya, ngurumo, ngurumo, "...biriani." Mwanzoni Bi Masouda alikuwa akidhani laini imekatika, anapiga kelele haloo, haloo. Siku hizi anakaa kimya naye, simu sikioni, anangoja ndege ya watu ipite.

Anayezipenda ngurumo hizo ni Bakhit. Bakhit ni kaka yake Rawya, mtu wa miaka arubaini, ndevu zimeanza kutia mvi, anakaa na mama yake. Akisikia simu ya Kastrup huacha alichoshika akaja kujipenyeza kichwa. "Rawya, n'onyeshe tumbo! N'onyeshe tumbo la ndege!" Na Rawya, Mungu ampe kheri, hutoka nje hata kama kuna theluji, akaielekeza simu mbinguni mpaka vidole vimfe ganzi.

Bakhit alianza kusema wakati wenziwe wa rika lake wanasoma juzuu ya pili. Skuli hakushika kitu. Leo anafundishwa herufi, kesho anaitazama kama mgeni. Sasa anapanga makatoni ya maji dukani kwa mjomba wake, anayapanga vizuri, na kila mtu mtaani anampenda. Bi Masouda ana jawabu lake kwa hilo, na ole wako umpinge. Mtoto alizaliwa mzuri mno, ana macho kama ya paa, watu wakamtia jicho. Tena mtu mwenyewe anamjua: wifi yake, Ruba, aliyemtazama yule mtoto weee, na mashaallah ikaja baadaye. Tangu siku hiyo Bi Masouda hajala chakula cha nyumba ya Ruba, na Ruba kashafika uzeeni hajui alilolifanya.

Na dawa ya jicho ni nini? Wanja. Tena si wa dukani, wa Bi Masouda mwenyewe. Wanja wa manga, watu wa Unguja wanauita, na Manga, nchi ya Waarabu, ndiyo hii hii ya kwetu. Jiwe analichagua soko la Matrah, jeusi la kumetameta, analiroweka maji ya mawaridi, anatwanga kwa kinu kidogo alichokuja nacho mama yake kutoka Unguja, halafu anachekecha kwa bafta mpaka unatoka unga laini ukiupuliza haupo. Hakuna mtoto wa jamaa aliyezaliwa Khuwair asipakwe wanja ule. Bakhit ndiye aliyepakwa kuliko wote, asubuhi na jioni, mnene, ili macho ya watu yateleze. Mpaka leo, kila Ijumaa kabla ya sala, hukaa chini mbele ya mama yake na ndevu zake, akainua uso, akapakwa.

Rawya ndiye aliyeshindikana. Akikiona kile kijiti cha fedha cha kupakia wanja tu, mateke, kucha, kilio cha kuita majirani. Bi Masouda akachoka. "Huyu naakae na macho yake makavu, tutaona ataolewa na nani." Kaolewa na Ghaith, fundi wa ndege hapo Kastrup, na kabla ya hapo alishasoma mpaka vyeti vikakosa ukuta wa kutundikwa.

Rawya alipojifungua mtoto wa kike, Shahad, mama yake hakuweza kwenda. Bakhit halali kama mama hayumo ndani. Basi wanja ukaenda badala yake, ndani ya kichupa cha fedha, mkononi mwa msichana wa jirani aliyekuwa akisafiri. Na kila simu ikipigwa, salamu hazijesha, Bi Masouda anauliza: "Mlete mtoto nimwone. Mbona macho meupe? Rawya, mbona macho ya mtoto meupe?" Rawya anacheka, kesho yake mtoto anaonekana amekolea wanja.

Sasa sikiliza. Jumatatu moja ya baridi Rawya alipiga simu, sauti ya chini.

"Mama, ule wanja umeutengeneza kwa kitu gani?"

"Kwa jiwe, kwa mkono wangu. Kuna nini?"

"Leo kaja nesi wa serikali, yule anayezunguka majumbani kutazama watoto wachanga. Kauona machoni mwa Shahad, kauliza, nikamwonyesha kichupa. Kakichukua. Anasema mawe kama hayo mara nyingi yana madini ya risasi, yale yanayotiwa kwenye betri za gari. Ni sumu kwa watoto. Tumempeleka Shahad hospitali, wamemtoa damu."

Bi Masouda alikuwa amesimama jikoni, akajikuta amekaa sakafuni na hakumbuki alikaaje.

"Damu? Katoto kale? Atakufa, Rawya?"

"Mama, usipige kelele, utamtia khofu Bakhit. Majibu Ijumaa asubuhi, daktari atanipigia mwenyewe. Tuombe Mungu tu."

Aliomba, lakini khofu ilimtangulia kila mswala alipoutandika. Kwanza aliogopa mtoto atakufa. Halafu Jumanne akaenda kumpa mkono mwenye msiba mtaa wa pili, na wanawake waliokaa pale, bila kujua lililo moyoni mwake, wakaingia kwenye habari za Ulaya. Kwamba kule mtoto si wako, ni wa serikali, ukimkosea wanakuja kumchukua wanampa wengine. Mmoja akaapa wallahi anamjua aliyechukuliwa watatu. Lisemwalo lipo, wanasema, na kama halipo laja. Aliyeitunga methali hiyo sijui alikuwa na uadui gani na watu waoga.

Basi zikawa khofu mbili. Na ule mji alioupenda ukamgeuka. Rawya alipochagua nyumba hapo Kastrup alimwambia, "Mama, siku ukinihitaji natoka mlangoni kwa miguu nakwenda kupanda ndege," na Bi Masouda akalala kwa neno hilo miaka. Sasa alikuwa akiuona mlango ule wa nyumba ya manjano, na mwanamke wa serikali ana mkoba, kamshika Shahad, na ndege iko hapo hapo inanguruma. Mtoto atakuwa yuko angani kabla mama yake hajavaa viatu! Utamtafuta wapi? Alikuwa akiwaza hivyo huku anaosha mikono. Siku zile aliosha mikono mpaka ngozi ikamwasha. Wanja uliobaki aliufunga kwenye kanga akausukuma nyuma kabisa ya kabati. Kuutupa aliogopa, ni kazi aliyofundishwa na mama yake, na kuugusa aliogopa.

Jumatano alipiga simu Kastrup, ikaita, ikaita, haikupokewa. Akapiga tena. Akapiga kwa Ghaith, imezimwa. Tayari, akasema, wameshakuja. Alizunguka sebuleni ameshika kichwa, anasema Yarabi, Yarabi, mimi ndiye, si yeye, mimi ndiye nichukuliwe. Rawya alipopokea mwishowe alikuwa anahema.

"Nilikuwa namwogesha mtoto, Mama!"

"Yupo? N'onyeshe."

"Yupo. Huyu hapa. Mama, ukiniogopesha hivi maziwa yatanikauka." Halafu, kwa sauti nyingine kabisa, "Mimi nilitaka kuacha tangu mwanzo. Nilisikia wenzangu wanasema. Wewe ndiye, kila siku, mbona macho meupe, mbona macho meupe."

Bi Masouda hakosi la kujibu, muulize wifi yake. Siku hiyo alisema tu, "Haya mwanangu," akakata. Bakhit akaja kuuliza mbona wiki hii hakuna ndege, mbona Rawya hatoki nje.

"Kuna baridi, baba."

"Siku zote kuna baridi," Bakhit akasema, na hapo alikuwa na haki yake.

Ijumaa ilifika. Bakhit aliingia kuoga mapema, anaimba humo ndani. Bi Masouda alikaa kwenye zulia, simu mapajani, tasbihi mkononi. Huku kwetu sala imekaribia ndipo kule madaktari wanapoanza kupiga simu zao. Simu ilipolia aliiangusha. Akaiokota, ikamponyoka tena.

"Mama. Alhamdulillahi."

"Sema vizuri!"

"Imo, lakini kidogo mno. Daktari anasema tumewahi, kwa sababu mtoto hajapakwa muda mrefu. Tuache wanja tu, itashuka yenyewe, watampima tena. Shahad mzima, Mama. Mzima kabisa."

"Hawamchukui?"

"Nani amchukue? Nani kakwambia habari hizo? Yule nesi jana kaja kamletea kofia ya sufu."

Loo! Bi Masouda alicheka, akalia, akapiga kigelegele kikamkwama kooni kikatoka kikohozi. Wiki nzima ilimtoka mwilini kwa mara moja, akajiona mwepesi, akavuta mto akaegemea, akawa anataka mazungumzo. Na akauliza, kama mtu anavyouliza habari za gari lililomkosa kosa, kwa ule utamu wa kuwa limeshapita:

"Haya, na ingekuwa yule nesi hakuja? Angekufa mjukuu wangu?"

"Hapana, Mama, hafi. Ubaya wake ndio huo, haonekani mgonjwa. Daktari anasema mtoto anakula, anacheka, mzima, mzuri. Ila anachelewa kusema. Halafu akienda skuli hashiki, anafundishwa leo, kesho kasahau, na watu wake wanadhani..."

Rawya akanyamaza.

Bi Masouda akangoja ndege ipite. Alingoja kama alivyozoea, simu sikioni, kichwa kakiinamisha. Akamsikia Shahad anapiga chafya. Akasikia maji yanachemka kwenye birika jikoni kwa bintiye. Ngurumo hakuisikia.

"Rawya?"

"Nipo, Mama."

"Mbona hakuna ndege?"

"Hakuna, Mama."

Kule bafuni maji yalifungwa, na wimbo ukaishia katikati. Bi Masouda aliishika simu kwa mikono miwili.

"Ni ule wanja?" aliuliza, kwa sauti ndogo hata mwenyewe hakuijua.

"Haijulikani. Mama, nisikilize, baada ya miaka yote hii hakuna anayeweza kujua. Huenda siyo. Wako watu wanazaliwa hivyo tu. Mama?"

Khofu iliyomshika wakati ule haikuwa ile ya wiki nzima. Ile ilikuwa na Ijumaa yake, na daktari wake wa kupiga simu. Hii aliiona imeingia ndani imekaa, na hakuna damu ya kupima wala nesi wa kuja mlangoni. Alimkumbuka Ruba, amesimama na sahani ya halua mkononi siku ile, anamtazama mtoto. Alikumbuka asubuhi na jioni, mnene, na mtoto hata hakuwa akilia. Alikuwa akifumba macho mwenyewe, anangoja.

"Ntakupigia baadaye," alisema.

Bakhit akaingia, kanzu nyeupe, kofia kaivaa upande, maji bado yanamchuruzika ndevuni. Akakaa chini mbele ya mama yake kama kila Ijumaa, akainua uso, akafumba macho.

"Mama, wanja. Upesi, wataadhini."

Bi Masouda hakuondoka kwenda kabatini. Alichukua ncha ya kanga yake, akaitia kwenye bilauri ya maji iliyokuwa hapo pembeni, akaanza kumfuta. Kwenye kope kulikuwa na weusi wa Ijumaa iliyopita, umekaa kwenye mizizi ya nywele, na kwenye pembe za macho. Alifuta jicho la kulia, akafuta la kushoto, akarudi la kulia.

"Mbona leo unafuta?" Bakhit aliuliza, macho kafumba vile vile.

Bi Masouda aliichovya tena kanga kwenye maji.

"Nimekosa nini, Mama?"

"Hujakosa kitu, mwanangu," alimwambia, na adhana ikaanza, naye anaendelea kufuta, na kanga ilishakuwa inatoka nyeupe.