Dada Mitambo na Ujumbe Uliokataliwa

Ofisini walimwita Dada Mitambo, na jina lenyewe hakulichukia. Printa ikigoma, kompyuta ikijizima, simu ya mkubwa ikisahau namba ya siri, anaitwa yeye. Atakuja akitafuta miwani iliyo kichwani mwake, atauliza nani kaichukua, na kabla hajaipata tatizo limeshaisha. Lakini hakuajiriwa kwa ajili ya printa. Kazi yake ilikuwa kuandika programu ya kunusa magonjwa: mfumo wa kompyuta unaopokea taarifa kutoka zahanati ndogondogo na kupiga kelele pale homa, surua au kuhara kunapoanza kuzidi kiasi.

Mwanzo alikuwa benki. Aliandika programu za mashine za kutolea fedha, kiyoyozi juu, zulia chini. Kisha binti yake akapata surua. Wodi ilikuwa imefurika hadi ukumbini, watoto wamelazwa mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, akina mama wamekaa sakafuni wakipepea na vipande vya maboksi. Akamuuliza daktari ugonjwa ule umetoka wapi ghafla namna ile. Daktari, aliyechoka hadi kope, akamjibu, "Haukutoka ghafla, mama. Umeanza zamani huko pembezoni. Sisi tumeujua ulipotubishia hodi."

Binti alipona, ila sikio moja halikurudi. Akakua akiongea kwa sauti ya mnadani, na mezani anakaa pembeni kabisa ili wote wawe upande wa sikio zima. Mama yake kila akimsikia akipayuka kuomba chumvi, yale maneno ya daktari yanamrudia. Mwisho akaacha benki. Alipomweleza mumewe, ambaye ni seremala, yule bwana aliendelea kupiga randa ubao mpaka ukabaki mwembamba kama biskuti, ndipo akasema, "Haya. Ila wewe ndiye utakayemwambia mama yangu."

Mfumo alioujenga haukuwa na makuu. Kila mwisho wa wiki muuguzi wa zahanati anatuma ujumbe wa simu wenye namba tupu kwa mpangilio: wenye homa, wenye surua, wanaoharisha, na kuendelea. Mashine inalinganisha na kawaida ya mahali pale. Namba zikiruka, eneo hilo linakuwa jekundu kwenye ramani na simu za wakubwa zinaanza kulia. Zisiporuka, kijani. Mwaka wa kwanza tu mfumo ukainasa surua kwenye shule ya bweni, na chanjo zikafika kabla bweni la pili halijaguswa. Mkuu wa kitengo, daktari mnene mwenye kicheko cha kutikisa vikombe, akaamuru ramani itundikwe kwenye skrini kubwa ya ukumbi wa mikutano. Wageni wakawa wanapiga picha mbele yake.

Dada Mitambo aliipenda ile kijani. Kwa mdomo asingekiri, lakini asubuhi kabla ya chai alipitia ukumbini kuitupia jicho, kama mzazi anavyochungulia mtoto aliyelala.

Sasa, kaka yake mkubwa alikuwa dereva wa lori la maji, katika mji mdogo uliokua kando ya machimbo ya mawe. Huko mabomba hayajafika, watu wanategemea lori. Jumapili moja, familia iko mezani, kaka akapiga simu.

"Mdogo wangu, huku kuna nini? Watu wanaharisha maji matupu. Utingo wangu jana kavuta mpira wa maji kutwa nzima, leo hawezi kuinua kichwa."

"Ngoja nitazame, kaka."

Akafungua kompyuta palepale, akasogeza bakuli kwa kiwiko. Mji wa machimbo ulikuwa kijani kibichi, kama nyasi za masika.

"Kwenye mfumo huko hakuna kitu, kaka. Hawakula chakula kibovu?"

Kaka akasema polepole, "Mimi nakueleza ninachokiona kwa macho yangu, wewe unaniambia kwenye mfumo."

"Sina maana hiyo. Mpelekeni zahanati, halafu..."

"Zahanati ndiyo imejaa!" Simu ikakatika.

"MAMA, ANASEMAJE?" binti akauliza.

Mama alikuwa ameshampigia mkuu wa kitengo.

"Mfumo unasemaje?" mkuu akauliza.

"Unasema shwari."

"Na huyo kaka yako ni mtu wa kutia chumvi?"

"Hapana. Kaka yangu hata utani hajui."

"Basi twende tukaone."

Kesho yake asubuhi walikuwa njiani, mkuu mbele na dereva, Dada Mitambo nyuma kati ya maboksi ya dripu na ndoo za dawa ya kutibu maji. Zahanati ilikuwa nyumba ya vyumba viwili yenye baraza. Baraza lote lilikuwa mikeka, na kwenye mikeka watu, midomo imekauka, macho yamezama. Chupa za dripu zilining'inia kwenye misumari ya ukutani, kwenye fito za paa, moja kwenye kitasa cha dirisha. Mkunga mzee alikuwa akizunguka na jagi la maji ya chumvi na sukari, anamnywesha huyu, anamnyanyua yule.

"Muuguzi yuko wapi?" mkuu akauliza.

Mkunga akaonyesha kwa kidevu. Muuguzi alikuwa mmoja wa waliolala.

Alikuwa msichana, au alionekana msichana kwa jinsi alivyokuwa amekwisha. Dada Mitambo akachuchumaa kando yake, akajitambulisha, akamwambia yeye ndiye mwenye ule mfumo wa kutuma taarifa. Alitaka kumuuliza kwa upole kwa nini hakutuma. Hakuwahi kuuliza, maana muuguzi alitoa simu chini ya mto akampa.

Ujumbe ulikuwepo. Namba zilikuwepo, zote, kwa mpangilio wake. Baada ya namba aliongeza maneno: *Wanaoharisha ni wengi kuliko hawa, wengine sijapata nafasi ya kuwaandika. Dripu zinaisha. Tafadhali mtu aje.* Na chini yake jibu la mashine: *Ujumbe wako una makosa. Tafadhali tuma namba tu.*

Sentensi ile aliiandika Dada Mitambo mwenyewe, mchana mmoja mtulivu, na aliona ameweka adabu kwa lile neno tafadhali. Programu yake haikujua kusoma maneno. Ilipokutana nayo iliukataa ujumbe mzima, na pale pasipo na ujumbe iliweka sufuri. Na sufuri ilikuwa kijani.

"Nikatuma tena," muuguzi akasema kwa sauti ya mkwaruzo. "Ikanijibu vilevile. Nikatuma tena. Nikasema, huyu dada wa makao makuu ni mkali kweli." Akajaribu kucheka. "Nilidhani ni mtu."

Dada Mitambo akamrudishia simu. Akainuka, akachukua jagi lililokuwa sakafuni, akaanza kunywesha watu. Kutwa ile hakugusa kompyuta.

Kilikuwa kipindupindu. Mkuu wa kitengo alivua koti akafanya kazi kama tarishi, mara yuko kwenye simu anafokea ghala la dawa, mara amepiga magoti anatafuta mshipa kwenye mkono uliokauka. Magari mengine yakafika, hema likasimamishwa uwanjani. Wengi waliinuka. Wengine hawakuinuka, na mmoja wao alikuwa yule utingo.

Kaka hakumsemesha dada yake. Walikutana mazikoni, akampita kama unavyompita mtu usiyemjua. Dada Mitambo hakumlaumu. Alisimama nyuma na wanawake wengine, miwani mkononi, akilia polepole bila kufuta machozi.

Ndipo majibu ya maabara yakatoka. Mafuriko ya karibuni yalikuwa yameingiza uchafu wa vyoo katika kisima kikubwa, na kisimani hapo ndipo lori lilipojazia. Maji yaliyosambaza ugonjwa mtaa kwa mtaa, ndoo kwa ndoo, yalikuja na lori la kaka.

Mkuu alitaka kumtuma mtu mwingine akamweleze. Dada Mitambo akasema, "Hapana, ni kaka yangu." Akamkuta amekaa kwenye kipandio cha lori, kofia magotini. Akamwambia yote bila kuzungusha. Kaka alisikiliza mpaka mwisho.

"Utingo wangu ndiye alikuwa anakunywa wa kwanza," akasema. "Nilimwekea utaratibu huo mimi. Tukijaza tu, namkingia kikombe. Namwambia, kunywa bwana mdogo, wateja baadaye. Nilidhani namheshimu."

"Hukujua, kaka."

"Na wewe hukujua." Akaipapasa kofia. "Lakini mimi nilikupigia simu, ukanijibu na kompyuta. Hilo limeniuma. Siwezi kukuficha."

"Najua. Nisamehe, kaka yangu."

Hakusema amesamehe. Alisogea kidogo kwenye kipandio, na dada yake akakaa pale palipoachwa nafasi. Wakakaa hivyo, bega kwa bega, kama walipokuwa wadogo wakisubiri mzazi arudi na ufunguo wa nyumba.

Aliporudi ofisini, kitu cha kwanza Dada Mitambo alifungua lile jalada ndani ya kompyuta ambamo mashine ilikuwa ikitupa ujumbe wenye makosa. Hakuwahi kulisoma. Nani anasoma takataka? Sasa akasoma, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kuzama kitini. *Samahani nimechelewa, tumefiwa. Wiki hii mvua, hakuna aliyeweza kuja. Mtoto wa surua ametoka ng'ambo ya mto, fuatilieni huko. Asanteni kwa chanjo, Mungu awabariki. Je, kuna mtu anasoma hizi?* Kumbe watu walikuwa wakizungumza naye muda wote huo, na yeye amewafungia mlango huku akitazama rangi ukutani.

Akabomoa nusu ya mfumo wake. Ujumbe wowote ukapokelewa, wenye namba na wenye maneno, na wenye maneno ukapelekwa kwa binadamu. Binadamu huyo alikuwa shangazi yake, muuguzi mstaafu aliyekuwa akigombana na kuku wake nyumbani kwa kukosa wa kuamuru. Akapewa meza, simu na kiti kinacholia. Na zahanati ambayo haikutuma kitu haikuwekewa sufuri tena. Ilipewa rangi ya majivu.

Alipoiwasha ramani mpya, mkuu wa kitengo akashika kiuno. Kijani ilikuwa imebaki vipande vipande. Karibu nusu ya nchi ilikuwa majivu.

"Dada Mitambo, unaniua. Wageni wa wizarani wanakuja keshokutwa. Nitawaambia nini?"

"Waambie huko hatujui."

"Hatujui! Nimewatundikia skrini kubwa ukutani niwaambie hatujui?"

"Bosi, ulikuwa pale barazani. Ule mji ulikuwa kijani."

Mkuu hakucheka kile kicheko chake. Aliitazama ramani, akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana, na Dada Mitambo akarudi mezani akijua kwamba huenda siku ya wageni ikamkuta anafungasha vitu vyake. Akafikiri hata namna ya kumwambia mama mkwe kwa mara ya pili.

Wageni wakaja, wakakaa, wakapewa chai. Mgeni mkubwa akavaa miwani, akaikodolea macho skrini. "Mbona ramani yenu safari hii imeingia ukungu?"

Dada Mitambo akafumbua mdomo. Mkuu akamuwahi.

"Haijaingia ukungu, mheshimiwa. Imetoka ukungu," akasema. "Zamani tulikuonyesha kijani mahali ambapo hatukuwa na habari napo, na katika sehemu mojawapo tumezika watu. Hayo majivu ni zahanati ambazo simu hazifiki, au umeme hakuna, au muuguzi ni mmoja na anaumwa. Nakuomba uyatazame vizuri, maana ndiyo kazi iliyobaki."

Kulikuwa na kukohoa na kusogezasogeza viti. Mgeni aliuliza maswali mengi, mengine ya kuudhi. Hakuahidi makubwa. Ila zahanati za majivu zilipatiwa chaja za jua, si zote, na kisima cha machimbo kikajengewa ukuta na kifuniko, na lori likapewa mtu wa kutia dawa kabla maji hayajatoka.

Muuguzi wa machimbo alipona. Akawa mwandishi. Ujumbe wake ukawa mrefu kama barua ya mchumba, una homa, una kuhara, una habari za mkunga na jino lake, na shangazi anausoma kwa sauti ofisi nzima isikie.

Kaka alikaa miezi bila kupiga simu. Siku alipokuja mjini kutafuta vipuri, akapita ofisini bila taarifa, akasimama mlangoni, mikono imechafuka mafuta ya gari. Shangazi alikuwa kwenye simu, akimkaripia mtu wa zahanati ya mbali: "Mwanangu, usiniambie uko salama halafu unakohoa! Huyo anayekohoa hapo ni nani?"

Kaka akacheka. Dada yake alikuwa hajamsikia akicheka tangu kabla ya mazishi. Akainuka kumpokea, akamvutia kiti.

"Naona siku hizi mnauliza," kaka akasema.

"Tunauliza, kaka. Karibu. Umekula?"

"Sijala. Kwanza niambieni ninawie wapi."