Gari Lililohema Langoni

Rimu zile nilizitaka mwenyewe, nisimsingizie mtu. Baba alikuwa amekufa miezi minne nyuma. Gari lake likawa langu kwa sababu ndugu zangu wote wako mbali na hakuna aliyelitaka, na mimi nikaona haya kuegesha kigari chenye magurudumu yenye kutu mbele ya duka langu la sare za shule mjini Kisumu. Nikanunua rimu pana, nyeusi, za kung'aa, na matairi mapana ya kuzijaza. Zile za Baba nikamwachia muuzaji huko huko, akanipunguzia bei. Fundi wangu wa Obunga alizifunga huku akikuna kichwa. "Madam, hizi zimeingia ndani kidogo," akasema, "lakini zinazunguka." Nikamwambia yeye akaze nati, maneno aniachie mimi.

Gari hilo lilikuwa na kazi moja kubwa. Kila Jumatano nilifunga duka, nikaenda nyumbani kwetu, ukipita Bondo kidogo, nikamchukua Mama na kumleta hospitali Kisumu kudungwa dawa ya uvimbe. Daktari alituambia bila kutuficha kwamba zamu zote zikamilike, hata moja isirukwe, la sivyo uvimbe utarudi na safari hiyo hautazuilika. Nilimsihi Mama ahamie kwangu mjini, mtaa wa Manyatta, hadi matibabu yaishe. Alikataa katakata. Mume wake amelala hapa, alisema, yeye aende wapi?

Na kweli alikuwa amelala hapo. Ukitoka kwetu, kaburi la Baba liko upande wa kushoto, hatua chache kabla ya lango. Langoni kuna bonde lililochimbwa na mvua, na ukishalivuka lazima ukate usukani wote kulia ili uingie barabarani. Jumatano ya kwanza na rimu mpya, gurudumu la mbele likatumbukia kwenye bonde, nikakata usukani, na kitu kikahema.

Hhhfff. Taratibu, kwa uchovu.

Nywele zilinisimama. Baba alikuwa hivyo hivyo maisha yake yote. Kabla hajasema neno alishusha pumzi kwanza, ndefu, na sisi watoto tulijua sasa tutaambiwa tumekosa nini. Nilimtazama Mama kwenye kiti cha kushoto, kiti alichokalia miaka yote Baba akiendesha. Hakushtuka. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti. Nikafikiri anaomba, nikaongeza mwendo.

Wiki ya pili likahema tena, pale pale. Tena tulipofika Ndori nilikanyaga breki kumpisha mama mmoja na punda wake, na pedali ikashuka chini kuliko ilivyozoea, laini, inazama. Nikakanyaga mara ya pili ikarudi. Jasho lilinitoka mpaka Kisumu.

Fundi aliliinua gari kwa jeki, akafungua magurudumu yote manne, akakagua pedi na diski, akatoa hewa kwenye mabomba, akaongeza mafuta ya breki. Kisha akaliendesha mwenyewe hadi Kibos na kurudi, akifunga breki hovyo hovyo ilimradi tu. "Iko sawa kabisa, Madam. Mimi siskii kitu."

"Basi mimi ni mwendawazimu?"

"Sijasema hivyo."

Wiki ya tatu nilifika nyumbani mapema nikafanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka najicheka kwa woga. Kabla Mama hajamaliza chai, nilitoka langoni na gari peke yangu. Kimya. Nikarudi kinyumenyume, nikatoka tena. Kimya. Nilitoka mara saba, nane, kuku wakinikimbia, na gari halikutoa hata mlio. Nikaanza kupumua. Mama akaja na mkoba wake, akaketi, akafunga mkanda, tukatoka.

Hhhfff.

Haki ya Mungu, niliachia usukani. Baba mdogo alikuwa amesimama kando ya ua akitutazama. Alikuja hadi dirishani kwangu na kuniambia kwa sauti ya chini, Mama asisikie, "Umemvua ndugu yangu viatu ukaviuza. Sasa unamchukulia na mke." Nilimjibu vibaya, siandiki nilichosema. Lakini nilipofika njiani nikajikuta nasema kimoyomoyo, Baba nisamehe, nitazitafuta. Mtu mzima mimi, mwenye duka, naongea na rimu.

Wiki ya nne ndiyo ilikuwa yenyewe.

Asubuhi ilikuwa nyeupe, ziwa likionekana kwa mbali limetulia na magugumaji yake, hakuna upepo. Gari lilikuwa limehema langoni, pumzi ndefu kuliko siku zote, na Mama alikuwa amechezesha midomo yake. Tulipokaribia Kisian, ng'ombe wakatoka vichakani wakatanda barabara nzima. Nikakanyaga breki. Pedali ikaenda hadi sakafuni ikakaa huko. Nikakanyaga tena, tena, hakuna kitu. Nilivuta breki ya mkono kwa mikono miwili, gari likayumba, likashuka ukingo wa lami upande wa kushoto na kusimama. Ng'ombe wa kwanza aliweka pua yake kwenye kioo cha taa akanusa.

Nilikuwa nikipiga kelele, "Yawa! Yawa! Mama, uko sawa?"

Mama alikuwa amekunja mikono mapajani. Uso wake ulikuwa mtulivu kupita kiasi. "Nilijua ni leo," alisema.

Hilo lilinitisha kuliko breki. Nilishuka nikampigia fundi simu nikimtukana kabla hajasema hello. Alikuja kwa boda boda, kisanduku cha spana mapajani. Hakujitetea. Alipiga magoti kwenye gurudumu la mbele la kushoto, akapitisha kidole upande wa ndani wa tairi, kikatoka na mafuta.

"Upande huu hukaa nani?"

"Mama."

"Kila siku ikilia, Mama yuko ndani?"

"Kila siku."

Akajipiga kibao cha paji la uso. "Na mimi hujaribu gari nikiwa peke yangu." Alimwomba Mama arudi akae pale pale, asiguse chochote. Yeye akashika usukani, akaniambia nipige magoti nichungulie nyuma ya gurudumu. Kwa uzito wa Mama, na ukingo ule wa lami, gari lilikuwa limelalia kushoto. Fundi akakata usukani wote kulia, polepole.

Nikaona. Ukingo wa ndani wa tairi langu pana ulisogea, ukagusa paipu ya mpira inayopeleka mafuta kwenye breki, ukaikwaruza. Hhhfff. Nilikuwa naitazama kwa macho yangu mchana kweupe, tairi na mpira tu, na bado ile sauti ilinipitia mgongoni, kwa sababu ilikuwa ya Baba vile vile. Paipu ilikuwa imelika hadi nyuzi zake za ndani. Mafuta yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye mpasuko usiozidi ukucha.

Fundi aliikata akaja nayo dirishani kwa Mama kumwonyesha, kwa furaha ya mtu aliyekamata mwizi. "Huyu ndiye alikuwa anahema, Mama. Ni rimu tu. Hakuna kitu kingine."

Mama aliishika. Aliipindapinda, akaipeleka karibu na macho.

"Kila alipohema nilimjibu," alisema. Hakuwa akimwambia fundi, wala sidhani alikuwa akiniambia mimi. "Nilimwambia, ningojee, niko njiani."

Wiki nne nilikuwa nimeendesha gari na mwanamke anayeaga, nikidhani anaomba. Nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa ya hasira ingawa sikutaka, "Na dawa? Ulikuwa unadungwa ya nini basi?"

"Ili wewe usilie, nyathina, mwanangu. Nirudishe nyumbani."

Zamu ile tuliikosa. Fundi aliagiza paipu mpya kwa boda boda akaifunga pale pale, na jioni hiyo hiyo nilipomfikisha Mama na kurudi Obunga alizing'oa rimu zangu akafunga za chuma za kawaida, saizi inayotakiwa na gari. Nilimpigia daktari. Akasema zamu moja bado inaweza kufidiwa, lakini tusikose tena, Jumatano inayofuata tufike kwa vyovyote. Wiki hiyo nzima Mama hakupokea simu yangu. Usingizi sikuuona.

Jumatano nilimkuta kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba, kitambaa kichwani, mkoba hakuna. Sikumbembeleza. Nilimfungulia mlango nikamwambia, "Ingia tu ulisikilize." Alikaa muda mrefu. Halafu akainuka, akaingia, akateremsha kioo chote.

Nilipita kaburini pole pole. Gurudumu likashuka kwenye bonde, nikakata usukani hadi mwisho. Kimya. Nilisikia kuku, na mchanga ukisagika chini ya tairi, basi.

"Simama," Mama alisema. "Rudi, upite tena."

Nikarudi, nikapita tena. Mara tatu. Alikuwa ametoa kichwa dirishani akielekeza sikio kaburini, midomo yake imefunguka tayari. Mara ya tatu aliifunga. Alirudisha kichwa ndani akaanza kulia, kwa sauti, mdomo wazi. Kwenye mazishi hakulia hivyo. Hakulia kabisa, na watu walimsifu kwa kujikaza. Alilia Ndori, akalia Kombewa, tulipofika Kisian alikuwa bado analia, nami niliendesha huku nikilia pia, mguu wangu juu ya pedali iliyokuwa imara.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi kama saa moja. Macho yake yalikuwa yamevimba. Muuguzi akatokea mlangoni na faili, akaliita jina lake.

"Niko hapa," Mama alisema, akainuka.