Nilipandishwa mlingoti wa mashua Ziwa Jipe, na kamba ameshika shemeji ninayemshuku

Wakuu, habari za mchana. Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Niko dukani hapa Voi, jua limefukuza wateja, basi nimeona nitoe hiki kitu kifuani. Sitaongeza chumvi. Mahali nitaonekana mjinga, muache hivyo hivyo.

Kwanza mnijue kidogo. Mimi ni fundi wa madishi ya TV na solar. Mzee wangu alitoka magharibi akaja kufanya kazi reli, mimi nikazaliwa Voi. Nimeoa Mtaita, anaitwa Wakesho. Kwao ni Mata, kule karibu na Ziwa Jipe, baba yake alihamia huko kulima.

La pili mjue kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Nikiletewa chai kabla sijaomba, najiuliza kuna nini. Wakesho alishazoea.

Sasa twende.

Marehemu baba mkwe alikuwa mwangalizi wa kambi ya Mzungu fulani pale ziwani. Mzungu alipofunga kambi na kurudi kwao, akamwachia mzee mashua ya tanga. Ni ya faiba, ya zamani, rangi imebabuka. Ilikaa juu ya trela yake ndani ya boma mpaka kuku wakawa wanataga humo.

Mzee alipofariki, mashua ikabaki ya watoto wake wawili: Wakesho na kaka yake Mwadime, ambaye analima ndizi huko Mahoo.

Mimi na Wakesho tulitaka irudi majini. Wageni wanaokuja Jipe kuangalia ndege wanazungushwa kwa mitumbwi ya kusukuma na mti. Mashua yenye tanga ingekuwa kitu kingine kabisa.

Mwadime hakukataa. Hakukubali pia. Alisema tu, "Tutaona."

Wakuu, mtu akikuambia tutaona, ujue yeye ameshaona.

Haikuchukua muda jirani akaninong'oneza kwamba Mwadime alileta mtu kutoka Kilifi. Huyo mtu aliizunguka mashua, akaigonga gonga, akapiga picha, akaondoka. Mimi sikuambiwa. Nilimuuliza Wakesho, naye akasema hajui lolote.

Basi nikajua huyu anataka kuuza. Mashua isiyo na kamba ni takataka tu, hata Wakesho angechoka nayo akakubali iende. Lakini ikisimama na tanga juu, tena ile ya baba yake, hakuna mtu angemshawishi aiuze. Kwa hivyo kazi ya kamba ndiyo ingeamua kama mashua inabaki au inaenda Kilifi.

Kwa wale hawajui, na mimi sikujua mpaka nilipoanza kuangalia video: tanga linapandishwa kwa kamba ambayo watu wa pwani wanaiita henza. Inatoka chini, inapanda hadi juu ya mlingoti, inapita kwenye kigurudumu kinachoitwa kapi, halafu inashuka upande wa pili na kushika tanga. Ukivuta huku, tanga linapanda kule.

Yetu ilikuwa na henza mbili, moja ya tanga kubwa na nyingine ya tanga dogo la mbele. Zote zililiwa na jua. Ukizishika zinakuachia unga mkononi.

Njia rahisi ni kulaza mlingoti ufanye kazi yako ukiwa umesimama chini. Wetu ulikataa. Bolti ya chini imeshikwa na kutu, tukajaribu dizeli, tukajaribu nyundo, Wakesho akajaribu maombi. Wapi.

Njia ya pili ni kufunga kamba mpya kwenye mkia wa ile ya zamani, halafu unavuta. Ya zamani inatangulia, mpya inaifuata hadi juu na kushuka upande wa pili. Fundo lenyewe lazima liwe jembamba lipite kwenye kapi, na liwe kaidi lisiachie. Likiachia ukiwa katikati, umebaki na mlingoti mtupu.

Siku ya kazi tulikuwa watatu: mimi, Wakesho na Mwadime. Trela tuliizuia kwa magunia ya mchanga kila upande.

Henza ya mbele, Mwadime alifunga fundo mbele ya macho yangu. Nilivuta na ikapita bila shida. Hata nikaanza kumwona mtu mzuri, jambo ambalo lilinitia wasiwasi zaidi.

Hapo simu ikaita, mteja wa Miasenyi analalamika dishi lake halishiki. Network ya kule ni ya kutafuta, nikatembea hadi kwenye barabara ndipo nikaongea naye vizuri. Niliporudi, henza ya pili ilikuwa imeshafungwa, inasubiri mimi nivute.

Nikavuta. Fundo likapanda, likafika kwenye kapi, nikasikia kama limekwama kidogo. Nikaongeza nguvu.

Kamba ya zamani yote ikaniangukia kichwani. Mpya ikaanguka upande wa pili.

Nikauliza, "Nani alifunga hii?"

Mwadime aliiangalia kamba, akaangalia chini. "Ni mimi."

Wakesho alikuwa anasuuza vikombe. Kikombe kimoja alikisuuza mara mbili.

Jamani, mtu amefunga la kwanza likashika kama ndoa ya kanisani, la pili linaachia lenyewe? Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikasirika hadi masikio yakawa moto.

Sasa ikabidi mtu apande. Mwadime ni mtu wa mwili, mimi ni mwembamba na nimezoea mapaa. Mpango ukawa nikalie ubao uliofungwa kwenye henza ya mbele, ile mpya, na Mwadime anipandishe kwa kuzungusha winchi, kile kifaa cha kukunja kamba, huku ameshika mkia wake. Wakesho angeshika mlingoti usitikisike.

Mnaona picha? Mtu ambaye namshuku ndiye ameshika kamba ninayoning'inia.

Nikasema naenda kuchukua koleo. Kwenye begi langu huwa kuna mkanda wa kazi, ule tunaozungusha kwenye nguzo tukiwa juu. Nikauvaa kiunoni, juu yake nikavaa jaketi na kufunga zipu hadi shingoni. Mata, saa za mchana.

Wakesho akaniuliza, "Baba Mercy, hiyo baridi imetoka wapi?"

Nikamwambia kamba zinachubua.

Nikapanda. Kusema ukweli niliogopa. Paa la nyumba halichezi, mlingoti unacheza. Kila winchi ilipozunguka ubao uliruka kidogo na mimi nikaukumbatia mlingoti. Chini nilikuwa naona kichwa cha Mwadime tu, hakuinua uso hata mara moja. Kule mbele ziwa, matete, na milima ya Upare upande wa Tanzania. Sikuifurahia hiyo view, mniamini. Nilikuwa nawaza mtu wa Kilifi.

Nilipofika juu nikatoa mkanda taratibu, nikauzungusha kwenye mlingoti, nikaubana. Nikauegemea kwa uzito wangu wote. Moyo ukatulia.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Nilipitisha uzi wenye nati kwenye ile kapi ya juu, ukashuka hadi chini, Wakesho akaufunga kwenye henza mpya, nikavuta ikapita. Kapi yenyewe ilikuwa nzima, lakini pembeni ina nafasi, mahali ambapo kamba ikiwa na mkia inaweza kunaswa.

Ndipo nikasikia sauti kutoka chini, ya polepole.

"Shemeji."

"Naam."

"Mbona kamba imekuwa nyepesi?"

Wakuu, hilo sikulifikiria kabisa. Aliyeshika kamba yako anakuhisi. Ukihamisha uzito, mikono yake inajua kabla hujafungua mdomo.

Nikamwambia nimekanyaga chuma cha mlingoti.

Halafu akasema, "Sawa."

Nilipomaliza nikafungua mkanda na kurudi kwenye ubao. Alinishusha polepole sana, bila kunirusha hata kidogo, kama mtu anayeshusha mtungi wa maji. Nikakanyaga chini. Ncha ya mkanda ilikuwa inaning'inia chini ya jaketi.

Aliiona. "Ulijifunga."

Nikaona haina haja ya kuzunguka. Nikamwambia, "Shemeji, lile fundo la pili lilinitia shaka."

Wakesho akaachia mlingoti. Akasema, "Hiyo fundo ni mimi nilifunga."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Wewe ulikuwa kwa simu, Mwadime ameenda kuangalia ng'ombe. Nikaona nisaidie. Nikafunga vile nafunga ng'ombe tangu nikiwa mdogo."

Wanaofuga wanalijua. Fundo la ng'ombe linashika vizuri mnyama akivuta, lakini lina mkia, na mkia ukivutwa linaachia mara moja, ili kukiwa na hatari umfungue haraka. Ule mkia ndio ulionaswa pale pembeni ya kapi. Mimi mwenyewe nikavuta kwa nguvu, nikalifungua.

Nikamgeukia Mwadime. "Mbona ulisema ni wewe?"

Alikuwa anafuta mikono kwenye suruali. "Nilijua utakasirika. Ukinikasirikia mimi, naenda zangu Mahoo. Huyu anarudi na wewe Voi."

Nikashusha macho. Wakesho pia alikuwa anaangalia pembeni, na mimi nikaanza kuwaza amewahi kuniogopa mara ngapi bila mimi kujua. Hilo limeniuma kuliko yote.

Mwadime akaongeza jambo moja. "Na kamba ilipokuwa nyepesi, nilijua hunitegemei. Sikuiachilia."

Akachukua kofia yake, akapanda boda.

Jioni hiyo tulipandisha tanga, mimi na Wakesho. Lilipanda vizuri hadi juu, majirani wakaja kuangalia, Wakesho akalia kwa ajili ya baba yake. Mimi nilisimama pale nimeshika henza, sina raha hata kidogo.

Wiki hiyo Mwadime alimtumia dada yake ujumbe, naye Wakesho akanionyesha. Alisema mashua isiuzwe, sehemu yake amemwachia Wakesho yote. Lakini yeye asihesabiwe kwenye kazi za mashua. Kamba ya mume wake hatashika tena.

Kwa hivyo mashua imebaki. Nilichokuwa napigania nimekipata.

Funzo langu ni hili, na msinipige mawe. Mkanda siujutii. Hata kwenye video wanasema usipande na kamba moja, hata aliyeishika awe malaika. Ningemwambia tu, "Shemeji, navaa mkanda," angeitikia na tungeendelea na kazi. Nilichofanya vibaya ni lile jaketi.

EDIT: Mnaouliza habari za mtu wa Kilifi, mpaka leo sijui alikuja kufanya nini. Sijauliza. Nikiuliza sasa nitakuwa mtu wa aina gani?

EDIT 2: Wanaosema nimpigie tu simu, nimepiga. Anapokea, anasalimia vizuri, anauliza watoto, anasema yuko shambani. Hana hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo inanitisha.

Sasa naomba ushauri, hasa kwa nyinyi mliooa kwa Wataita. Naambiwa jambo kama hili mwenye makosa haendi mwenyewe, anatanguliza mtu mzima wa kumsemea. Wengine wananiambia niende tu Mahoo nishike jembe kwenye ndizi zake bila maneno. Nyinyi mngefanyaje? Tiririkeni hapo chini, matusi pia napokea.

Mashua bado iko kwenye trela. Kuna siku nilijaribu kumpandisha Wakesho achunguze kapi, nimeshika kamba mimi. Alikalia ubao, akaniangalia, akashuka. Akasema tumngoje kaka yake.