Mvule wa radi: kuni za bure zilivyofukuza wagonjwa zahanati kwetu

Wakuu, salaam kwenu nyote. Nimeona mnavyolalamikia bili za umeme hospitalini, nikaona niwape la kwangu. Sitii chumvi, chumvi yenyewe daktari ameshanikataza.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Mimi kwetu Nagongera, nikawa dresa, yaani mfunga vidonda, kwenye zahanati moja kando ya barabara ya Busia.

Umeme hakuna. Nishati yetu ilikuwa kuni.

Sindano zilikuwa za kioo, lazima zichemshwe kila mara. Maji ya kuoshea vidonda, maji ya kufulia shuka, yote jiko hilohilo. Fungu la kuni, yaani pesa za kuzinunua, liliisha kabla ya mwezi kwisha.

Musawo wetu, mganga msimamizi, alikuwa bingwa wa kubana matumizi. Nyuma ya zahanati kulikuwa na mvule mkavu uliopigwa na radi. Akaamua ukatwe, tuache kununua kuni.

Vibarua wa pale walikataa. Akaleta wengine kutoka mbali.

Kwa wasiojua: huku kwetu mti wa radi hauwashwi. Ukiuwasha, radi inakufuata nyumbani. Kanisani tunajaa wote, lakini hilo hatulijaribu.

Budget ikapona, wagonjwa wakaanza kupungua.

Kisha akaja Nabwire, mama wa Bulumbi, na mtoto mwenye kichomi. Mbavu zinaingia ndani. Dawa ipo, sindano iko kwenye maji. Akatupa jicho jikoni, akamfunika mtoto.

"Musawo, hiyo sindano nakataa. Imechemka na kuni ya radi."

"Mama, wewe si mkristo?"

"Mimi mkristo. Lakini mtoto yangu ni huyu moja tu."

Akatoka nje. Nilimkasirikia kweli, na niliogopa pia. Kwa pumzi ile mtoto asingefika Bulumbi.

Uani walikuwapo watu waliokuja kuuguza ndugu zao, wanapika kwa kuni walizotoka nazo makwao. Waliposikia, kila mmoja akachomoa ukuni wake mmoja. Wakapanga mafiga, wakawasha moto mpya. Nikachemsha sindano upya, nikamdunga mtoto. Akapona.

Tangu hapo kila mgonjwa alikuja na ukuni wake mkononi. Fungu la kuni likawa linabaki. Kuni za mvule zikabaki kunyeshewa na mvua.

Musawo aliendelea kusema huo ni ujinga wa watu wa shamba. Mpaka mkewe mwenyewe aliposhikwa na uchungu.

Asubuhi ile nilimwona anakuja, koti jeupe mwilini, gogo la mkaratusi begani. Akalitua jikoni kwetu. Nami nikainjika maji.

Funzo nililopata: kabla ya kupunguza gharama za hospitali, waulize kwanza watakaolala humo.

Wenye kisa kama hiki shusheni hapa. Wabishi pia karibuni, ila kwanza mseme: mtoto angekuwa wako, ungekubali sindano ile?