Hodi kwenye Mlango Uliovunjwa

Kosa langu la kwanza mbele ya kamera lilikuwa kubisha hodi. Nilikuwa askari wa kikosi maalumu, wa tatu kwenye mstari, nimevaa kofia nyeusi iliyoziba uso mzima ikaacha macho. Wawili walionitangulia waliuvunja mlango kwa gogo la chuma, wakaingia wakipiga kelele. Mimi nikafika kizingitini, nikagonga fremu mara mbili, nikasema, "Hodi!"

Ilikuwa tamthilia ya televisheni kuhusu polisi wanaosaka genge la kughushi ikama, vibali vya ukaazi vya wageni, na ilirekodiwa katika nyumba ya kukodi pembezoni mwa Riyadh. Sikuwa mwigizaji. Nilikuwa, na bado niko, muuzaji katika duka la vifuniko vya simu mtaa wa Sulaimaniyah, mjini humo. Binamu wa kafili wangu, yaani tajiri aliyenidhamini nchini, alikuwa akitafuta vijana warefu, kafili akaniruhusu kwa wiki mbili. Nilijifunza peke yangu. Kila adhuhuri wateja walipopungua niliingia stoo na ufagio begani kama bunduki, nikiiga video za kwenye simu: goti likunjwe kiasi gani, kidole kikae wapi, macho yaanzie kona ipi. Nilijaza daftari zima. Hakuna ukurasa ulioandikwa usibishe hodi, kwa sababu sikujua kwamba nabisha. Nimekulia Mombasa. Kwetu hata ukiingia chumbani kwa mama yako mzazi, unabisha.

Msaidizi wa mwongozaji alitaka kujua nimesema nini. Mtu wa nne kwenye mstari, Mtanzania kutoka Tanga, alimweleza huku akicheka.

"Mafi hodi!" msaidizi akanifokea, yaani hakuna hodi, basi. "Wewe polisi! Halas hodi!"

Tulipojipanga upya, yule wa Tanga akaninong'oneza, "Kamanda, ulitaka majambazi wakukaribishe chai?"

"Niache."

"Au ulisubiri wavae kwanza?"

Fundi alikuwa ametengeneza milango mitatu ya mbao nyepesi. Wa kwanza niliuharibu mimi. Wa pili, mtu mwingine alijikwaa. Wa tatu niliuingia nimeuma midomo, sikutoa sauti, na mwongozaji akasema imetosha. Lakini mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeinuka wenyewe ukaigonga fremu, mara mbili, kwa kifundo cha kidole. Niliuhisi. Hakuna aliyesema kitu, nami nikanyamaza. Mlango wa nne haukuwapo.

Dada yangu mkubwa anafanya kazi za nyumbani Jeddah, mtaa wa Ruwais, na anaishi humo humo kwa mwajiri wake. Wakati huo sikuwa nikimpigia simu kabla ya kuandika kwenye karatasi nitakachosema, habari njema juu, maswali chini, ili nisikwame. Nilimwambia nimo kwenye tamthilia. Habari za mkono sikuziandika.

Naye akamwambia madam. Tamthilia ilipoanza kuonyeshwa, kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, madam na binti zake wawili walitazama sehemu moja, dada amesimama nyuma ya kochi na sinia la chai.

"Waniita mwongo," akaniambia baada ya sehemu ya tatu. "Watu sita, wote macho tu. Madam aniuliza, ndugu yako yupi? Nasema yule mrefu. Asema wote warefu. Wewe ni wa ngapi?"

"Utaniona tu, dada."

"Nitakuona wapi na soksi kichwani? Wale wasichana sasa nikisema chumvi imekwisha, waniuliza, umeiona kwa macho yako?"

Ningesema wa tatu, yangeisha. Lakini basi wote wangemkazia macho wa tatu, na mkono wangeuona. Katika nyumba aliyokuwa akiachiwa funguo zote, dada yangu alianza kuulizwa kila jambo mara mbili, na mimi nilikuwa na jibu nikalikalia.

Sehemu ya nne ndiyo yenye mlango. Sikuitazama. Nilikuwa nikipanga vifuniko dukani simu ilipolia.

"Nimekuona!" Dada alikuwa akihema. "Mlango ushavunjwa, kipande chaning'inia, na wewe wabisha! Nikapiga kelele, ndiye huyo! Madam akarudisha nyuma mara tatu. Nikaenda mlango wa jikoni, nikagonga vile vile, kama nifanyavyo kila siku kabla ya kuingia. Wakanitazama, wakatazama televisheni. Madam kacheka hata kashika mbavu."

"Lile ni kosa, dada. Niliharibu."

"Kosa gani, na ndilo lililonitoa uongo?" Kisha akauliza, "Ulikuwa wa tatu. Ulijua tangu mwanzo?"

"Nilijua."

"Basi ungenambia," akasema, akakata simu akaondoe vyombo.

Tamthilia ilikoma sehemu ya sita. Hatukupewa sababu, na genge halikukamatwa. Tulirudisha sare, na sijaitwa tena mahali popote kuwa polisi.

Karatasi za simu sina tena. Nampigia dada kila Ijumaa bila kuandika kwanza, na nikiharibu kitu dukani, yeye husikia wiki ile ile, kutoka kwangu.