Shujaa Niliyemweka Chini ya Mguu wa Meza

Mwanangu, niliwahi kumchukua shujaa mwenye sauti ya kupasua miamba, nikamkunja mara nne, nikamweka chini ya mguu wa meza ya mama yangu ili chai isimwagike. Naanza na hilo mapema usije ukalisikia kwa rafiki yangu Mwangi, ambaye hulisimulia vibaya.

Usicheke ninapokuita mwanangu. Mimi niko kidato cha nne, na wewe sare yako bado ina mikunjo ya dukani. Katika chama chetu cha kusoma vitabu mimi ndiye mzee. Nakohoa kabla ya kuongea, na goti la kushoto huniuma kukiwa na baridi, na hapa Eldoret unajua baridi haiombi ruhusa. Keti basi nikushauri.

Nakumbuka siku moja, nikiwa kidato cha pili, Mwalimu Rotich, mlezi wa chama, aliingia darasani ameikumbatia komiki moja kama mtoto aliyezaliwa asubuhi. Ilikuwa ya zamani sana, ya enzi zile mashujaa wa vitabu vya picha walipoanza kuungana kuwa timu. Karatasi zake zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Jina lake, nikikutafsiria, ni Saba wa Mnara. Mwalimu aliachiwa na kaka yake, na nyingine hana.

"Jumamosi kuna mashindano ya uhakiki pale ukumbini, mjini," akasema. "Shule itakayoshinda inapata sanduku zima la komiki kama hizi. Kibet, wewe unaongea sana hata wakati hujaulizwa. Utaongoza. Na hii nirudishiwe ikiwa nzima."

"Nzima kabisa, Mwalimu."

Tulikuwa vijana sita, komiki moja, na siku zinakimbia. Nikaifungua, nikaona jinsi timu zile za mwanzo zilivyofanya kazi. Ukurasa wa kwanza wanakutana mezani. Wanagawana maadui, kila mmoja anaenda zake katika sura yake mwenyewe, halafu mwishoni wanarudi kupongezana. Nikawaambia wenzangu hiyo si timu, hao ni watu waliochanga kodi ya ukumbi. Na kama wao wenyewe wanaachana, kwa nini karatasi zao zisiachane? Nikachukua ncha ya kisu, nikachomoa pini za stepla moja baada ya nyingine, nikijiona fundi.

Mashujaa saba, wasomaji sita. Mimi nilimchukua Radi Kuu kwa sababu ndiye mkubwa kuliko wote pale jaladani. Mwangi akamchukua Tai wa Bati. Wengine wakagawana waliobaki, na sura moja ikakosa mwenyewe: ya Bi. Ngurumo, mwanamke pekee. Huyo akipaza sauti mwamba unapasuka, lakini wenzake walipoenda vitani walimwambia abaki mnarani apokee simu.

"Kurasa nne za mama kushika simu," Mwangi akasema. "Hata aliyeichora hiyo alikuwa anasinzia."

Nikacheka, nikaitia mfukoni. Nyumbani kwetu, mtaa wa Pioneer, meza ilikuwa ikitikisika. Mengine umeshayajua.

Jioni hiyohiyo nikaandika uhakiki wangu. "Hii ni komiki ya mashujaa sita na mpokea simu mmoja. Huyo angeondolewa, hakuna ambacho kingepungua." Nikausomea kioo. Kioo kikakubali.

Tulikuwa tumepatana kila mtu alete kipande chake Jumamosi asubuhi tuibane komiki upya. Basi Ijumaa jioni nikapiga magoti chini ya meza kutafuta changu cha ziada. Hakuna kitu. Nikainua kichwa. Mama alikuwa kwenye kochi, amevua viatu, zile kurasa nne ziko mapajani. Alikuwa amezipiga pasi.

Ngoja kwanza nikueleze kazi ya mama yangu. Anapokea simu katika ofisi ya madaktari wa mifugo. Mkulima anapiga, ng'ombe amekwama kuzaa; Mama anamtuma daktari, halafu anamwelekeza njia mpaka afike. Pita kanisa. Usiingie geti ya kijani, huko kuna mbwa. Jioni madaktari wanarudi na gambuti zenye matope wakisimulia walivyomwokoa ng'ombe, naye Mama anawamiminia chai.

"Kibet," akasema bila kuniangalia, "huyu wa radi alitoka?"

"Nani?"

"Huyu mwanaume amefungiwa kwa shimo. Amepiga simu karibu alie. Huyu mama anasikia maji kwa simu, anamwambia agonge ukuta ya kushoto. Akakata. Hata asante hakuna. Ndio nauliza, alitoka?"

"Alitoka, Mama. Hiyo sura ni mimi nilisoma."

Lakini simu hiyo sikuikumbuka. Nikaenda kuleta kurasa zangu. Palikuwa na kidirisha kimoja kidogo cha picha, pembeni chini, nilichokuwa nimekiruka: Radi Kuu amejikunyata gizani, ameshika kitu kama kiberiti sikioni. Nilidhani anajikuna. Picha inayofuata amegonga ukuta wa kushoto, maji yamembeba hadi nje, naye anatamba: "Akili yangu imeniokoa tena!"

Nikamsomea.

"Akili ya nani?" Mama akauliza.

"Mama, nipe hizo karatasi tafadhali. Kesho ni mashindano."

"Sikupi. Watu sita wamenipigia simu wakilia, na sijui hata mmoja kama alifika nyumbani. Hao wengine wako wapi?"

Umesikia alivyosema? Wamenipigia. Mimi nilisikia, na masikio yakawa moto.

Tukampigia Mwangi kwa simu ya Mama, nikaiweka spika.

"Mwangi, soma sura yako."

"Saa hii? Buda, nakula."

"Soma, kijana," Mama akasema.

Kijiko kikaanguka huko. Mwangi akasoma haraka, mdomo umejaa: Tai wa Bati amevunjika bawa, anaporomoka kutoka mawinguni, mkono uko sikioni. Mama akadakia kutoka kurasa zilizo mapajani kwake, kwa sauti ambayo huitumia daktari akikosea njia: "Usipige mabawa! Kunja yote mawili, uangukie upande wa mto!"

Tukasikia kurasa zikifunuliwa.

"Maze," Mwangi akasema polepole. "Kwangu ameangukia tu mtoni. Nilidhani ni bahati."

Tukawapigia wote. Kila sura ilikuwa na kidirisha kimoja kidogo ambacho msomaji wake alikipita, na kila jibu lilikuwa pale kwenye kochi letu. Hakuna aliyeliona kwa sababu mimi nilikuwa nimezitenganisha. Aliyebaki nyumbani ndiye aliyekuwa mahali pote sita. Nikauchukua uhakiki wangu mzuri nikaurarua, na kioo sikukiangalia.

Jumamosi tulipanda jukwaani sita, simu ya Mwalimu Rotich iko mezani katikati yetu, Mama yuko kazini upande wa pili wa laini, majibu yote sita ameyakariri. Shule zilizotangulia zilikuwa zimetoa maudhui, ploti na sifa za wahusika, ikiwemo sifa ya kuwa na misuli. Sisi hatukutaja sifa yoyote. Nilisoma mpaka Radi Kuu alipofungiwa shimoni, nikanyamaza, nikaitazama simu.

"Gonga ukuta wa kushoto," simu ikasema.

Ukumbi ukacheka kidogo. Mwangi akaanza kuporomoka. Simu ikamwokoa. Ukumbi ukaanza kuegemea mbele. Wa tatu alikuwa amefika kwenye daraja linalowaka moto, mguu mmoja hewani, simu ikasema, "Ngoja hapo hapo. Kuna ng'ombe Kaptagat."

Mwanangu, jasho lilinitoka. Ukumbi mzima tukamsikia akiongea kwa simu ya ofisi: "Daktari, pinda kwa ile mti imeanguka. Si hiyo, ile ingine. Enda pole, kuna mtaro. Umeona mzee ameinua kofia? Ndiye huyo." Mwenzetu bado amesimama kwa mguu mmoja, anatetemeka. Majaji wameacha kuandika. Nikawaza, sanduku limeenda, na ng'ombe ndiye amelichukua.

Mama akarudi. "Haya. Nani mwingine amekwama?"

Hapo ndipo ukumbi ulipopasuka. Hata jaji mkali, yule wa miwani, alifuta macho kwa tai yake. Tuliwaokoa waliobaki kwa vifijo, mmoja mmoja, kama watu wanaofika mwisho wa mbio, kisha nikasogea mbele kutoa uamuzi.

"Watunzi wa timu hizi za mwanzo walimwacha mwanamke nyumbani," nikasema, "halafu hadithi yao wenyewe ikawakatalia. Ukiisoma vipande vipande utaona mashujaa sita. Ukiisoma yote utaona mmoja aliyewafanya kuwa timu. Lakini angalieni picha ya mwisho. Wale sita wameketi mezani wanapongezana. Yeye amesimama na birika."

Kutoka kwenye simu msonyo ukasikika, "Nkt."

Tulipewa ushindi kabla makofi hayajaisha. Sanduku lilipelekwa kwetu Pioneer kwa boda boda, lilale hapo hadi Jumatatu, Mwangi akilishikilia kama shangazi mgonjwa, nami nikimpungia mkono kila mtu njiani, hata wasionijua. Kitabu cha Mwalimu kilikuwa kizima tena, saba pamoja. Aliziona pini mpya. Hakusema neno, ila hadi leo tukikutana huniuliza stepla ni pesa ngapi siku hizi.

Sasa nasaha yenyewe, kabla kengele haijalia. Usihakiki kitabu ulichosoma kipande. Sura ikikuchosha, isome tena pamoja na zile nyingine kabla hujaitukana. Vidirisha vidogo vya pembeni usiviruke, kwani huko ndiko watu huomba msaada wakidhani hawaonekani. Na ukiona hadithini kuna mtu hana kiti, andika hivyo kwa herufi kubwa, hata kama hadithi yenyewe unaipenda. Mungu akupe macho ya subira na mdomo mrefu kama wangu, lakini uutumie baada ya macho.

Jioni ile niliweka sanduku mezani kwa kishindo cha mshindi. Meza ikayumba, chai yote ikamwagikia suruali yangu. Mama akaitazama meza, akaitazama suruali, akalifungua sanduku, na akasema hivi:

"Hongera, Kibet. Mungu akuinue hata zaidi ya leo. Sasa tafuta kipande ya mbao uweke chini ya hii meza, halafu unisomee ile inafuata, nione kama huyu mama wamempatia kiti."